Viazi vya kuoka na jibini: kiazi kiive hadi kiini, sosi isikatike

Mapishi haya yana vitu vichache, na yakiharibika huwa ni kwa namna mbili zile zile. Ama viazi vya katikati vinabaki vigumu wakati juu kumeshaungua, ama sosi inakatika na kuacha mafuta yakielea juu ya chengachenga za jibini. Yote mawili huamuliwa jikoni kwenye sufuria, kabla chombo hakijaingia kwenye oveni. Kazi ya oveni hapa ni kuunganisha vitu ambavyo vimeshakaribia kuiva na kuvipa rangi. Ukiiachia ipike kila kitu kutoka ubichi itabidi uongeze muda, na jibini haivumilii moto wa muda mrefu.

Vipimo hivi vinatosha watu 6 wakila pamoja na nyama, kuku au samaki. Chombo kiwe cha takriban sentimita 20 kwa 30, chenye kina cha sentimita 5. Chombo chembamba na kirefu kwenda chini kinaleta tabu: joto linachelewa kufika katikati, na kila mlaji anapata kipande kidogo cha ile sehemu ya juu iliyokauka ambayo ndiyo wengi wanaigombania.

Mahitaji

- Viazi mviringo kilo 1 (vya wastani, kama 6 hadi 8)
- Maziwa yasiyopunguzwa mafuta, mililita 600
- Siagi gramu 40, na kidogo ya kupaka chombo
- Unga wa ngano gramu 40 (kama vijiko 5 vya chakula, visivyo na kilima)
- Jibini gramu 200: 140 za sosi, 60 za kunyunyizia juu
- Kitunguu maji 1 cha wastani
- Kitunguu saumu punje 2
- Haradali ya kupaka, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga ya kusaga, nusu kijiko cha chai
- Kungumanga kidogo sana, ya kukwaruza papo hapo
- Chumvi: kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila lita ya maji ya kuchemshia, ya kwenye sosi utaonja
- Chenga za mkate mkavu vijiko 3 vya chakula, ukipenda

Viazi

Kiazi chenye wanga mwingi kinalainika vizuri na kunyonya sosi, lakini ukikichemsha kupita kiasi kinamomonyoka. Kile chenye majimaji zaidi kinabaki na umbo lake, ila sosi hukaa nje bila kuingia ndani. Kwa chakula hiki kinachofaa zaidi ni kiazi cha kati, au cha wanga mwingi kinachochemshwa kwa uangalifu. Kama hujui ulichonacho, kata kimoja katikati kisha usugue vile vipande viwili kimoja juu ya kingine. Vikinatana, na kisu kikibaki na utelezi mweupe, wanga ni mwingi.

Kiazi chenye rangi ya kijani kata sehemu hiyo kwa kina, si ganda tu. Ukijani wenyewe hauna madhara, ila ni dalili kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huo huo huongeza solanini, sumu ya asili ambayo kuchemsha au kuoka hakuiondoi. Kikiwa kijani sehemu kubwa au kichungu, tupa.

Menya, kisha kata slesi za unene wa milimita 4. Anza kwa kukata ubavu mmoja kidogo ili kiazi kikae juu ya kibao bila kubingirika. Mtu hujikata kiazi kinapoteleza. Ukitumia kibao chenye wembe, weka kishikio chake mapema, usingoje kiazi kibaki kidogo. Unene ukitofautiana, slesi nyembamba itavurugika wakati nene bado ngumu, na hakuna muda wa kuoka utakaoziridhisha zote mbili. Chini ya milimita 3 zinapasuka ukizichemsha. Zaidi ya 6 sosi haifiki katikati.

Kila slesi unayokata itumbukize kwenye maji baridi. Kiazi kilichokatwa kikikutana na hewa kinaanza kuwa cheusi kwa sababu ya kimeng'enya kilichomo ndani yake. Weusi huo haudhuru, lakini chini ya sosi nyeupe unaonekana kama uchafu.

Mwaga maji ya kulowekea, tia slesi kwenye sufuria pana, weka maji mapya ya baridi yapite viazi kwa vidole viwili, na chumvi. Kuanza na maji baridi kunasaidia joto lipande nje na ndani kwa pamoja. Yakianza kuchemka, punguza moto yatokote taratibu na uhesabu dakika 3 hadi 4. Chukua slesi moja uipinde: inatakiwa ilegee kidogo kabla ya kukatika, na ncha ya kisu iingie ila uhisi ukinzani katikati. Kama inavunjika mara tu unapoigusa na uma, umepitiliza; bado unaweza kuitumia, lakini itaishia kuwa viazi vya kuponda.

Chuja mara moja na uvitandaze kwenye chujio au treya kwa dakika 5. Usiviache ndani ya maji ya moto ukiwa unashughulikia sosi. Mvuke unaopanda ni maji yanayoondoka, na kila tone linalobaki litakuja kulegeza sosi baadaye. Ukiona chakula cha namna hii kina maji chini, mara nyingi hapa ndipo palipokosewa.

Sosi

Kata kitunguu vipande vidogo sana. Yeyusha siagi kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo, ukaange kitunguu kwa dakika 6 hadi 8 mpaka kilainike na kuwa na mng'ao. Usikipeleke mpaka kiwe na rangi ya kahawia. Ongeza kitunguu saumu kilichopondwa, nusu dakika tu, kwa sababu kikiungua kinakuwa kichungu na uchungu wake hauondoki.

Mimina unga wote kwa mkupuo na ukoroge kwa mwiko. Utashikana na siagi na kuwa donge laini lenye mafuta. Endelea kukoroga kwa dakika 2. Mwanzoni donge linanuka unga mbichi. Kisha linalegea, vinaanza kutokea vipovu vidogo pembeni, na harufu inageuka kuwa ya biskuti. Hapo unga umeiva. Ukiharakisha hatua hii, sosi itakuwa na ladha ya unga hata uweke jibini kiasi gani. Na usipunguze siagi huku ukiacha unga vile vile: siagi ndiyo inayozunguka kila chembe ya unga na kuzuia zisigandamane.

Maziwa yawe vuguvugu. Mimina kidogo, kama robo kikombe, ukoroge mpaka donge liyanywe yote, ndipo umimine mengine. Mara tatu za kwanza itaonekana kama umeharibu, donge linakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Endelea. Likishakuwa laini kama krimu nzito, badilisha mwiko utumie waya wa kupigia mayai na umimine maziwa yaliyobaki polepole. Madonge hutokea maziwa yanapoingia mengi kwa ghafla, kwa sababu unga wa nje unaiva na kujifunga kabla wa ndani haujalowa. Yakitokea, epua na upige kwa nguvu, yakikataa, chuja. Utapoteza kitunguu, lakini sosi itapona.

Acha itokote kwa moto mdogo dakika 4 hadi 5 huku ukikoroga, hasa kwenye kona za sufuria ambako hushika. Pima uzito wake kwa mgongo wa mwiko: chovya, toa, pitisha kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi bila sosi kuteremka, inatosha. Isizidi hapo, maana jibini na wanga wa viazi vitaongeza uzito ndani ya oveni.

Sasa zima moto na usubiri dakika 2. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Jibini ni mafuta na maji yaliyoshikiliwa na protini. Joto la wastani linalegeza protini hizo na jibini inayeyuka; joto kali linazikaza, zinajikunja na kukamua mafuta nje, na kinachobaki ni chengachenga. Sosi inayochemka ina joto zaidi ya linalohitajika. Tia gramu 140 za jibini iliyokwaruzwa kwa mikupuo mitatu, koroga kila mara mpaka iyeyuke, kisha haradali, pilipili manga na kungumanga. Haradali haitasikika kama haradali. Inachangamsha ladha ya jibini na kusaidia mafuta yasijitenge. Kungumanga ni ya kukwaruza mara mbili tatu tu, ikizidi chakula kinakuwa na harufu ya dawa.

Onja chumvi sasa, si kabla. Jibini zinatofautiana sana kwa chumvi. Sosi peke yake iwe na ladha kali kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu viazi vitaipooza.

Asiyetumia ngano anaweza kuweka gramu 25 za wanga wa mahindi. Usiukaange kwenye siagi. Ukoroge kwenye maziwa baridi kidogo, kisha umimine kwenye maziwa ya moto yenye kitunguu ukiendelea kukoroga mpaka yawe mazito.

Jibini ipi

Cheddar ya umri wa kati ndiyo chaguo rahisi: ina ladha na inayeyuka vizuri. Iliyozeeka sana ina ladha nzuri zaidi lakini hukatika upesi, hivyo ichanganye nusu kwa nusu na changa. Gouda changa inayeyuka laini sana. Gruyère ni nzuri kuliko zote kwa chakula hiki, kama mfuko unaruhusu. Mozzarella inavutika na kupendeza machoni, ila ladha yake ni ndogo. Iweke juu tu, au uichanganye na yenye nguvu. Parmesan kidogo juu inaleta rangi na ladha ya chumvi, lakini usiifanye jibini kuu ya sosi.

Halloumi na paneer hazifai. Hizo hulainika tu bila kuyeyuka, kwa jinsi zinavyotengenezwa, na hakuna moto utakaobadilisha hilo. Feta nayo inasambaratika kuwa chenga. Jibini ya kusindikwa ya slesi inayeyuka bila tabu kabisa, kwa kuwa ina chumvi maalumu zinazozuia mafuta kujitenga. Slesi moja au mbili ndani ya sosi ni msaada halali kwa anayeogopa sosi kukatika. Punguza tu chumvi nyingine.

Nunua kipande ukakwaruze mwenyewe. Jibini inayouzwa ikiwa imekwaruzwa hupakwa wanga au selulosi ili isishikane mfukoni, na upako huo huifanya sosi iwe na mchangamchanga.

Kupanga na kuoka

Washa oveni nyuzi 190 za Selsiasi dakika 15 kabla. Yenye feni weka 170. Paka chombo siagi. Mwaga sosi kidogo chini, panga safu ya slesi zikipandana kidogo, mimina sosi, endelea hivyo. Safu tatu au nne zinatosha. Nyunyiza chumvi kiduchu katikati ya safu ikiwa maji ya kuchemshia hayakuwa na chumvi ya kutosha. Malizia na sosi, si viazi: slesi inayochomoza juu bila sosi inakauka na kuwa ngumu. Acha nafasi ya sentimita moja juu, maana itatokota na kufurika. Weka treya chini ya chombo hata kama una uhakika haitafurika.

Funika kwa foili, ukiipandisha kidogo katikati isiguse sosi. Oka dakika 25 kwenye rafu ya kati. Toa foili, nyunyiza gramu 60 za jibini zilizobaki, zikiwa zimechanganywa na chenga za mkate ukipenda, kisha rudisha kwa dakika 15 hadi 20. Jibini ya juu isiingie tangu mwanzo. Ndani ya dakika 45 itakuwa imetoa mafuta yote na kubaki gamba.

Rangi peke yake isikudanganye. Angalia vipovu: vikiwa pembeni tu, katikati bado; vikifika katikati, chomeka kisu chembamba hadi chini. Kiingie bila kukwama, na ncha yake ukiigusa iwe ya moto kweli. Kama juu kumeshakolea lakini kisu kinakwama, rudisha foili na uongeze dakika 10.

Kisha kiache nje dakika 15 kabla ya kupakua. Sosi inayotoka kwenye oveni ni nyepesi. Ikipoa kidogo wanga unaikamata na utaweza kukata kipande kinachosimama. Ukipakua mara moja itamwagika kwenye sahani, na watu watadhani umekosea vipimo.

Vikiharibika

Sosi ikikatika ukiwa bado kwenye sufuria, epua, ongeza vijiko 2 vya maziwa na upige kwa nguvu, au uipitishe kwenye blenda. Kama haijapata moto mkali sana inarudi. Ikikatikia ndani ya oveni hairudi. Unachoweza ni kunyonya mafuta ya juu kwa karatasi ya jikoni, na safari nyingine upunguze joto au jibini iliyozeeka.

Maji chini ya chombo: viazi havikukauka, sosi haikutokota vya kutosha, au uliongeza mboga yenye maji. Uyoga ukaangwe mpaka ukauke. Mchicha uchemshwe kidogo na ukamuliwe kwa mkono mpaka usitoe tone. Nyanya ni bora zikae pembeni ya sahani: zina maji, na asidi yake huweza kukata maziwa, mbali na kufanya viazi vigome kulainika. Nyama au soseji ikiongezwa iwe imeshaiva.

Chakula kikipooza mdomoni, kilichokosekana mara nyingi ni chumvi ya kwenye maji ya viazi. Chumvi ya sosi haiwezi kuingia kwenye slesi ambayo imeshajaa maji matupu.

Kutumia krimu bila kuchemsha viazi

Kuna wanaopendelea njia hii, na ladha yake ni nzito zaidi. Slesi ziwe za milimita 2 hadi 3 na usizioshe baada ya kukata, kwa sababu wanga wake ndio utakaoifanya sosi iwe nzito. Pasha mililita 300 za krimu na 300 za maziwa pamoja na kitunguu saumu na chumvi, mwagia viazi vilivyopangwa, funika na uoke kwa nyuzi 160 kwa muda wa saa moja. Toa foili, weka jibini, ongeza dakika 20 hadi 30. Usitumie maziwa matupu hapa: bila mafuta ya krimu wala unga wa kuyashikilia, yatakatika katika muda wote huo.

Bila oveni

Chemsha slesi mpaka ziive kabisa, na sosi iwe nzito zaidi kidogo. Panga kwenye sufuria nzito yenye mfuniko bapa, moto mdogo sana chini, na upalie makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kuyeyusha na kuleta rangi. Moto ukizidi chini, sosi inashika na harufu ya kuungua inapanda mpaka juu.

Kuandaa mapema na kupasha

Unaweza kupanga kila kitu, ufunike na kuweka kwenye friji hadi siku inayofuata, bila jibini ya juu. Chombo cha kioo kikitoka kwenye friji kisiingie moja kwa moja kwenye oveni ya moto, kinaweza kupasuka. Kiache nje nusu saa, kisha ongeza dakika 15 kwenye muda wa foili.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kiliwe ndani ya siku 3. Kupasha, nyunyiza vijiko 2 vya maziwa, funika kwa foili na uweke nyuzi 160 mpaka katikati kufuke mvuke. Maikrowevu inafaa kwa sahani moja, kwa nguvu ya nusu. Ikiwa kamili, jibini itakatika kabla kiazi hakijapata moto. Friza usitumie: kikiyeyuka, viazi vinatoa maji na sosi inakuwa na chenga.